Kitanda wanauza, msitu hawauzi

Ndugu Mhariri,

Jumamosi iliyopita mlichapisha picha ya chumba cha vioo kilichoning'inia mtini, na chini yake mkaandika "hoteli ya ajabu huko Ulaya". Makala yenyewe iliwahimiza wawekezaji wetu wajenge vyumba vya namna hiyo Usambara, Uluguru na kando ya bahari. Naomba nafasi niseme neno, kwa sababu mahali pale napajua. Nimelala pale na familia yangu.

Hoteli inaitwa Treehotel, na mahali panaitwa Harads, kijiji cha watu kama 600 kaskazini mwa Uswidi, kando ya mto Lule, si mbali na mstari wa Aktiki. Mimi ni fundi seremala. Nilizaliwa Mlalo, wilaya ya Lushoto, nikafundishwa kushika randa na baba yangu mdogo, na huu ni mwaka wa kumi na mbili niko Skellefteå, kwenye kiwanda kinachotengeneza kuta na sakafu za nyumba kwa mbao zinazopangwa kwa kupishana na kushikwa kwa gundi. Mji wetu una jengo la utamaduni linaloitwa Sara, lilifunguliwa 2021, lina ghorofa 20 na limejengwa kwa mbao. Kwa hiyo ninapoangalia nyumba ya mbao ninaiangalia kwa jicho la mtu anayejua ilivyofungwa.

Chumba kilicho kwenye picha yenu kilichorwa na wasanifu Tham & Videgård wa Stockholm. Ni kisanduku cha mita nne kwa nne kwa nne, fremu yake alumini, na kuta zake za nje ni vioo vya kujitazama, kiasi kwamba ukikikaribia unaona msitu na wewe mwenyewe umesimama katikati yake. Shina la msonobari linapita ndani ya chumba na kutokea juu. Mtu wa kwanza aliyeniuliza swali la maana kuhusu vioo vile alikuwa mama yangu mzazi. Alisimama chini akakitazama kwa muda, akasema, "Ndege si watajipiga hapa wafe?" Mwongozaji wetu alipotafsiriwa alifurahi sana. Akaeleza kwamba ndani ya vioo wameweka rangi ya miali ambayo jicho la binadamu haliioni lakini la ndege linaiona, kwa hiyo ndege wanajua pale pana ukuta.

Mama alikuwa amekuja kutusalimia. Ilikuwa Agosti 2023, mara yake ya kwanza kupanda ndege. Mke wangu na mimi tulikuwa tumeweka akiba tangu Krismasi ili watoto wetu wawili na bibi yao walale usiku mmoja pale. Sitaficha: ni ghali. Usiku ule pamoja na chakula ulikula karibu mshahara wangu wa wiki nzima. Tuliendesha gari kama saa tatu kutoka Skellefteå, tukapita Piteå na Boden, barabara imenyooka, misonobari kulia na kushoto, na kila baada ya muda alama ya kutahadharisha madereva na wale paa wakubwa wa kule. Mama alikuwa anahesabu nyumba. Alihesabu chache mno, akanyamaza.

Hoteli ile ilianzishwa na wenyeji wawili, mume na mke, Kent Lindvall na Britta Jonsson-Lindvall. Walikuwa tayari na nyumba ya wageni pale kijijini, jengo ambalo zamani lilikuwa makazi ya wazee, na mwaka 2010 ndipo wakafungua vyumba vya mitini, kila kimoja wakampa msanifu wake. Mapokezi, kifungua kinywa na chakula cha jioni vyote viko kwenye ile nyumba ya zamani, ya mapazia ya maua na viti vya mbao vya enzi za bibi zao. Unasikia harufu ya kahawa tangu mlangoni. Hakuna lango la kifahari. Unatoka hapo, unapanda njia ya mguu yenye mizizi na mawe, na baada ya dakika chache unaanza kuviona vyumba, kimoja huku, kimoja kule, na kati yake msitu mtupu.

Sisi tulichukua kile kinachoitwa kiota cha ndege, cha Bertil Harström, kwa sababu kimetengenezwa kwa ajili ya familia ya wazazi wawili na watoto wawili. Kwa nje ni rundo la matawi makavu, kama kiota cha kunguru kilichokuzwa mara mia. Ukiwa mbali unaweza kupita bila kukiona. Ndani ni nyumba kamili: kuta za mbao laini, vidirisha vidogo vya duara, milango ya kusukuma pembeni inayotenganisha kitanda cha wazazi na cha watoto. Ngazi inavutwa juu ukishaingia. Niliikagua ile ngazi kama ninavyokagua kazi ya mwanafunzi wangu, nikapitisha kidole kwenye maungio, sikukuta mahali pa kulaumu. Matawi ya nje nayo yamepangwa na mtu mwenye subira. Hayakutupwa tu. Kila moja limefungwa mahali ambapo mvua itateleza na theluji itashika bila kuvunja kitu.

Mama aliitazama ngazi ile akasema, "Baba, mimi nimepanda miti nikiwa mtoto kwa sababu nilikuwa na njaa ya matunda. Leo nimeshiba." Basi yeye na binti yangu mkubwa wakalala chini, kwenye nyumba ya wageni, na sisi watatu tukalala juu. Lakini kabla ya hapo alipanda mara moja, polepole, mke wangu mbele na mimi nyuma, kwa sababu wajukuu walimsihi aone choo.

Choo kile nakisimulia kwa kirefu kwa sababu ndicho alichokisimulia mama Mlalo nzima aliporudi. Kule juu mtini hakuna bomba la majitaka. Ungelipeleka wapi? Kwa hiyo wameweka choo kinachochoma. Unatandika kwanza mfuko wa karatasi ndani ya bakuli, ukimaliza unabonyeza, sakafu ya bakuli inafunguka, kila kitu kinadondoka kwenye tanuri dogo la umeme na kuungua kwa joto kali sana. Kinachobaki ni majivu kidogo meupe, hayana harufu. Kuoga unakwenda kwenye banda jingine lenye sauna. Mama aliuliza yale majivu yanapelekwa wapi. Tulipomjibu kwamba ni kidogo mno, yanamwagwa tu, alisikitika kweli. "Migomba ingeyapenda," alisema. Sikucheka, kwa sababu ni swali ambalo mchoraji wa nyumba anapaswa kulijibu kabla hajagusa penseli: kinachotoka ndani ya nyumba hii kitakwenda wapi? Nimeona nyumba nyingi za wageni, kwetu na huku, zenye vigae vya gharama na shimo linalovuja kwenye kijito.

Usiku haukuwa usiku. Mwanzoni mwa Agosti kule jua linazama lakini giza haliingii sawasawa. Mbingu inabaki na rangi ya maziwa hadi linapochomoza tena. Mwanangu wa miaka sita alikaa kwenye kidirisha chake cha duara, magoti kifuani, akitazama nje kwa zaidi ya saa nzima. Nyumbani hakai hata dakika tano. Upepo ulipovuma kiota kilisogea kidogo, kama mashua iliyofungwa gatini. Akauliza, "Baba, mti unajua kwamba tumo?" Nikamwambia labda unajua uzito.

Asubuhi tulitembezwa kuona vyumba vingine. Kile cha saba, cha wasanifu Snøhetta, kilifunguliwa 2017 na kiko mita 10 juu ya ardhi. Kina vyumba viwili vya kulala, na katikati yake wametandaza wavu mkubwa, nje, ambao mtu anaweza kulala akiwa na begi la kulalia, chini yake hakuna kitu ila hewa. Msonobari mmoja umeachwa upite katikati ya wavu. Nyumba ile inabebwa na nguzo 12 ili mzigo usiilemee miti, na mbao za nje zimeunguzwa juujuu, ufundi wa zamani unaozifanya zistahimili mvua na wadudu. Kitu kilichonigusa zaidi ni tumbo la nyumba. Ukisimama chini ukaangalia juu, unaona vilele vya miti na mbingu. Ni picha kubwa, nyeusi na nyeupe, iliyochapwa kwenye plaiwudi na kufunika upande wote wa chini. Maana yake, wenye nyumba walijua kwamba mtu anayepita chini ataibiwa mbingu yake, wakajaribu kumrudishia hata kwa picha. Mtu wa chini hajalipa senti. Mchoraji amemfikiria.

Na kuna kile cha kampuni ya wasanifu ya BIG ya Denmaki, cha 2022, kilichovishwa nyumba 350 za ndege pande zote, kubwa na ndogo, kwa ushauri wa mtaalamu wa ndege, Ulf Öhman, kwa sababu ndege wamepungua kwenye misitu ya huko. Watoto walianza kuhesabu wakapotea kabla ya 100. Mimi nilikuwa nawaza jambo jingine: kukata na kuunganisha visanduku 350, kila kimoja na tundu la kipimo chake, kwa sababu ndege mdogo hataki tundu linaloweza kumwingiza mkubwa. Kazi hiyo fundi wa Keko au wa Lushoto angeifanya vizuri sana. Haihitaji mashine ya ajabu. Inahitaji mtu aamue kwamba ndege ni mgeni pia.

Sasa nifike kwenye jambo lililonifanya niandike.

Tulipokuwa tunashuka, tuliwakuta wanawake wawili wa makamo, wa pale pale kijijini, wamevaa buti za mpira, kila mmoja na ndoo. Walikuwa wanachuma matunda madogo ya buluu ambayo Waswidi wanayaita blåbär, yale yanayopaka ulimi rangi kama zambarau. Wakatusalimia, "Hej, hej," wakaendelea. Mama akanishika mkono.

"Hawa wamelipa?"

"Hapana, mama."

"Ni wafanyakazi wa hoteli?"

"Hapana. Wanachuma tu."

"Na mwenye hoteli anajua?"

Nikamwambia anajua, na kwamba hata angetaka kuwafukuza asingeweza, ili mradi hawakaribii mno vyumba ambamo watu wamelala. Mama hakusema kitu. Tulitembea mpaka kwenye gari, na hapo ndipo akaniambia, "Nipe ndoo."

Hatukuwa na ndoo. Mmoja wa wale wanawake alituazima chombo chao cha kuchumia, kisanduku chenye meno ya chuma kama kitana, unakisukuma kwenye kichaka kifupi kutoka chini kwenda juu, matunda yanabaki ndani na majani yanapita. Mama alikielewa baada ya mara mbili. Alichuma saa nzima ameinama, mwanamke wa miaka 71, mbu wanamzunguka, kitenge kichwani. Mbu wa kule hawana malaria lakini wanauma bila huruma. Akawa anasimulia, bila kuinua kichwa, jinsi yeye na dada zake walivyokuwa wakienda kuokota kuni kavu karibu na mashamba ya misonobari ya Shume, na jinsi siku moja mlinzi alivyowanyang'anya mizigo na kamba, na kamba ndiyo iliyomuuma kwa sababu ilikuwa ya baba yake. Hadithi hiyo sikuwahi kuisikia. Nina miaka 41.

Haki ile Waswidi wanaiita allemansrätten, yaani haki ya kila mtu. Ni desturi ya tangu zamani, na tangu 1994 imetajwa kwenye katiba yao. Mtu yeyote, mwenyeji au mgeni, mwenye kibali cha kuishi au mtalii wa wiki moja, anaweza kutembea kwenye msitu hata kama una mwenyewe, kuchuma matunda ya porini na uyoga, kuogelea ziwani, kupiga hema usiku mmoja. Masharti yake watoto wangu walifundishwa chekechea kwa maneno mawili ya Kiswidi ambayo kwa kwetu ni: usisumbue, usiharibu. Usikaribie nyumba ya mtu, usikanyage shamba lililolimwa, usikate mti ulio hai, usiwashe moto palipo kavu. Norwei wana sheria yake tangu 1957, na wao wametaja kabisa kipimo: hema lisiwe karibu na nyumba ya mtu kuliko mita 150. Denmaki ni wagumu zaidi. Kwenye msitu wa mtu binafsi unapita njiani tu, tena mchana. Na kwa upande wa maji, Uswidi ina sheria inayolinda mita 100 kutoka ukingoni, kwenye maziwa na mito mingi na baharini, watu wasijenge na kuziba njia ya wengine.

Kwa hiyo yule aliyelala kwenye vioo na yule aliyelala kwenye hema lake kilomita moja pembeni wanaamka na ndege wale wale. Hoteli inauza kitanda, ufundi, chakula na usimulizi mzuri. Msitu haiuuzi, na bado inapata wageni kutoka pande zote za dunia. Hilo ndilo makala yenu iliruka.

Tulipita pia mtoni kuangalia hoteli nyingine, Arctic Bath, iliyofunguliwa 2020. Ni jengo la duara linaloelea juu ya mto Lule, na wakati wa baridi linagandia ndani ya barafu. Juu yake wamepanga magogo yaliyosimama na kulala ovyo ovyo, kukumbuka enzi ambazo magogo yalisafirishwa kwa kuachwa yaelee mtoni hadi kwenye viwanda, na mara nyingine yalikwama yakafunga mto. Hatukuwa na fedha ya kuingia. Tulikaa ukingoni kwenye nyasi, tukala mikate na mayai ya kuchemsha tuliyobeba, watoto wakatumbukiza miguu majini wakapiga kelele kwa baridi. Wageni waliovaa majoho meupe walitupungia mkono. Hakuna aliyekuja kutuuliza kitu.

Nisije nikaeleweka kwamba kule ni peponi. Msitu unaozunguka barabara ile sehemu kubwa ni wa kuvunwa. Unapita mahali ambapo kilomita nzima imebaki visiki, na Wasami, wenyeji wa asili wa kaskazini wanaofuga reindia, wale paa wa nchi za baridi, kwa miaka mingi wamelalamika kwamba ukataji huo unamaliza chakula cha mifugo yao. Mto wenyewe umefungwa kwa mabwawa ya umeme. Hiyo sheria ya mita 100 wanasiasa wanabishana kila mara wailegeze. Na bei za hoteli hizi zinaifanya familia ya kawaida ya Uswidi ije mara moja maishani, kama sisi. Nayasema hayo ili anayeiga aige kilicho bora.

Kilicho bora, kwa jicho la fundi, nilikiona mara ya kwanza Norwei, mwaka 2019, mwajiri wangu alipotupeleka mafundi wanane kwenda kujifunza. Hoteli inaitwa Juvet, iko bonde la Valldal, imechorwa na Jensen & Skodvin. Ni vijumba vidogo vilivyotawanywa kando ya korongo, kila kimoja kinatazama upande wake ili mgeni asione kijumba cha mwenzake. Nilitafuta msingi sikuuona. Kila kijumba kimesimama juu ya vyuma vya unene wa milimita 40 vilivyotobolewa kwenye mwamba. Hawakulipua jiwe hata moja, na mimea midogo inayotanda juu ya mawe na miti ya pale imebaki ilivyokuwa. Siku ikitakiwa kuondolewa, unafungua nyumba, unakata vyuma, na mlima unabaki kama ulivyokuwa. Mzee mmoja kati yetu, fundi wa miaka arobaini kazini, alipiga magoti akavigusa vile vyuma. Hakuna aliyemuuliza anafanya nini.

Ndugu Mhariri, Desemba 2022 tulikuwa nyumbani. Tulimchukua mama kutoka Mlalo mpaka Dar es Salaam, tukaamua watoto waione Bahari ya Hindi. Tulifika ufuko mmoja kaskazini mwa jiji, jina siliandiki, tukawa tunatembea kwenye mchanga. Baada ya kama dakika kumi tukakuta uzio wa miti ya mvinje na waya, umeshuka kutoka kwenye hoteli mpaka ndani ya maji. Maji yalikuwa yamekupwa, kwa hiyo tungeweza kuuzunguka. Akaja kijana mlinzi, mpole kabisa.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mwanangu."

"Samahani, hapa hamruhusiwi kupita. Ni eneo la wageni wa hoteli."

"Sisi hatukai, mwanangu. Tunapita tu."

"Najua, bibi. Lakini wakiniona nitafukuzwa kazi."

Mama akamwambia asijali, tukageuka. Binti yangu alikuwa na miaka minane. Amezaliwa Uswidi, ufukoni hajawahi kugeuzwa. Alinitazama usoni akisubiri nimweleze, na nilichomweleza hakikuwa kweli: nilimwambia kule mbele pana miamba.

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, kifungu cha 57, inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ufukweni, iwe bahari, ziwa au ukingo wa mto. Mita 60! Wengi wetu hatuijui namba hiyo, na wanaoijua wanadhani ni ya wahandisi. Lakini kukataza kujenga peke yake hakutoshi kama haikuandikwa wazi kwamba mwananchi anapita hapo kwa miguu, na kama kibao hakipo cha kumwambia mlinzi na mpita njia jambo lile lile. Ninachoomba kwa wanaopitisha michoro na kutoa vibali ni hicho: kabla ya kuuliza vyumba vitakuwa vingapi, waulize njia ya mguu ya wanakijiji inapita wapi, na iwekwe kwenye ramani kwa rangi, kama mlango na dirisha vinavyowekwa. Usambara ni vivyo hivyo. Mjenge, tena haraka, mafundi tupo. Msitu wa Magamba una miti ambayo Waswidi wangelipa kuilalia. Lakini mama wa Mlalo anayeokota kuni kavu na mtoto anayechuma matunda wasikute uzio siku ya ufunguzi.

Na msisahau bei ya mwenyeji. Familia yenye watoto wawili kutoka Korogwe ipate kulala hata usiku mmoja kwa fedha inayoweza kuwekewa akiba tangu Krismasi.

Mama alirudi Mlalo na chupa mbili za jamu ya yale matunda. Moja aliipeleka kanisani, nyingine bado iko kabatini, haifunguliwi.

Desemba hii tunakuja tena, panapo majaliwa. Nitabeba futi yangu ndefu, ile ya mita 50, na kigingi kimoja. Nitakwenda kwenye ufuko ule ule na watoto, nitasubiri maji yajae mpaka mwisho, nitachomeka kigingi pale yanapoishia, kisha binti yangu atashika ncha moja na mimi nitatembea na nyingine kuelekea kwenye ule uzio na lile jengo. Nitawaandikia tulichokipima.

Fundi Yona,
Skellefteå, Uswidi